Ta! Moja, Kisha Kimya: Utangulizi wa Uchunguzi wa Umeme wa Magari

Mtu akifika gereji akasema "gari haliwaki," ametamka maneno mawili na bado hajasema kitu. Haliwaki inaweza kuwa ufunguo unazungushwa na hakisikiki chochote. Inaweza kuwa stata inazunguka vizuri na injini inazungushwa, ila moto haushiki. Na inaweza kuwa lile gari ambalo kitabu hiki kinaanza nalo: asubuhi linawaka kwa mguso mmoja, mchana, baada ya safari, likizimwa robo saa na kuwashwa tena, hutoa mlio mmoja chini ya boneti, ta!, kisha kimya. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, feni inavuma, lakini injini haijongei hata kidogo. Ukilisubiri lipoe, saa moja hivi, linawaka kana kwamba halijawahi kukukosea.

Karibu. Hiki ni kitabu cha kuchunguza hitilafu za umeme wa magari. Nimekiandika kwa ajili ya mwanafunzi wa ufundi anayeanza, na kwa fundi makanika ambaye kila akifika kwenye nyaya humwita fundi umeme, kisha mwenyewe hukaa pembeni kumshikia tochi. Hofu hiyo naijua. Gia iliyovunjika unayaona meno yake, bushi iliyokwisha unaitikisa kwa mkono, lakini umeme hauonekani, na wengi wanadhani utawarusha. (Volti 12 hazimrushi mtu mwenye ngozi kavu, ila zinaweza kumuunguza vibaya, hilo nitalirudia.) Darasa langu huanza kila mwaka na gari linalokataa likiwa na joto. Si kwamba hitilafu hii ni kubwa kuliko nyingine, maana mara nyingi tiba yake ni kipande cha shaba kidogo kuliko kidole gumba. Naanza nayo kwa sababu haikubali kubahatishwa. Hitilafu ya aina hii huja na kuondoka, kwa hiyo lazima iulizwe wakati ipo. Ikishaondoka, utakachopima ni gari zima lisilo na ugonjwa, na mita yako itakuambia kweli tupu ambayo haikusaidii.

Kabla ya mita, masikio. Mlio mmoja ulioshiba maana yake amri ya ufunguo imefika kwenye stata na kuna chuma kilichosogea. Mlio wa mfululizo, ta-ta-ta-ta-ta kama cherehani, ni habari nyingine: chuma kinavutwa, umeme unadondoka, kinaachia, umeme unapanda, kinavutwa tena. Hapo wa kushukiwa kwanza ni betri dhaifu au temino iliyolegea au kuota ukungu mweupe. Kimya kabisa hukupeleka kwenye fyuzi, relei, swichi ya ufunguo na, kwa gari la otomatiki, ile swichi ya gia inayozuia gari lisiwashwe nje ya P na N. Na stata ikizunguka kwa kasi yake ya kila siku ilhali moto haushiki, achana na stata kabisa. Nenda kwenye mafuta, plagi, na sensa ya kranki, ambayo nayo ina tabia ya kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuja siku moja, wote wanasema "likipata moto haliwaki," na magonjwa yao yasiwe na undugu wowote. Muulize mwenye gari aigize mlio kwa mdomo wake. Wengine wataona haya, watacheka, lakini wataigiza, na utakuwa umeokoa nusu ya siku.

Baada ya masikio, macho. Washa taa kubwa za mbele, kisha mtu mwingine azungushe ufunguo huku wewe ukizitazama. Mlio ukisikika na taa zikabaki na mwanga uleule, maana yake mkondo mkubwa haukupita. Kuna mahali njia imekatika. Taa zikififia sana, ama betri haina nguvu, ama mkondo umepita lakini mota imekwama. Zikizimika kabisa na kurudi ukiachia ufunguo, nenda moja kwa moja kwenye temino za betri. Kipimo hiki hakina gharama, na mafundi wa zamani walikijua kabla mita hazijawa za bei ya soda chache.

Sasa tumjue mshukiwa mwenyewe. Kabla ya stata ya umeme, injini iliwashwa kwa hendeli. Wazee waliofanya kazi ya utingo kwenye malori ya zamani wanaikumbuka: unaichomeka mbele ya injini, unaivuta kwa nguvu zako zote, huku ukiomba isikurudie. Moto ukishika kabla ya wakati wake hendeli huruka kinyume, na mikono mingi ilivunjika hivyo. Aliyeiondoa adha hiyo kwa upana ni Charles Kettering wa Dayton, Ohio, ambaye mfumo wake wa kuwasha kwa umeme uliingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kettering alikuwa amefanya kazi kwa watengenezaji wa mashine za kuhesabia fedha dukani, na huko aliifanya mashine ya fedha iendeshwe na mota ya umeme. Droo ya fedha hufunguka mara moja kwa kishindo, kisha mota hupumzika. Wazo hilo linafaa gari pia: mota ya kuzungusha injini kutwa nzima ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari, lakini mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mara nyingi zaidi ya uwezo wake, ili mradi ni kwa sekunde chache tu.

Naomba ukae na wazo hilo la sekunde chache, kwa sababu ndilo linaloeleza tabia zote za stata. Ni kifaa kinachofanya kazi ukingoni mwa uwezo wake kila siku. Taa kubwa moja ya wati 55 hutumia ampia zisizofika 5. Stata ya gari dogo la petroli hutumia ampia 100 hadi 200 ikiwa inazunguka, na zaidi ya hapo inapoanza tu kusukuma. Ya dizeli hupita 300 bila taabu. Ndiyo maana redio kuimba si ushahidi wa chochote. Ukimwona mtu anapiga honi kisha anasema "betri nzima hii," mwache amalize, kisha chukua mita.

Mkondo mkubwa namna hiyo haupitishwi kwenye swichi ya ufunguo, ungeiyeyusha. Ufunguo hupeleka mkondo mdogo kwenye solenoidi, yaani kile kitungi kilichopandwa mgongoni mwa stata. Ndani yake kuna koili ya waya wa shaba, na katikati ya koili kuna chuma kinachoteleza, ambacho darasani kwetu tunakiita mchi. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku na kuuvuta mchi. Mchi unafanya kazi mbili kwa mwendo mmoja: upande mmoja unasukuma kigia kidogo kiingie kwenye meno ya flaiwili, upande wa pili unabamiza kisahani cha shaba juu ya viguso viwili vya shaba ili mkondo mkubwa upite kutoka betri kwenda kwenye mota. Ile "ta!" unayoisikia ni mchi ukifika mwisho wa safari yake. Kwa usahihi zaidi, koili ni mbili, moja ya kuvuta na nyingine ya kushikilia. Ya kuvuta ina nguvu kubwa na hupata ethi yake, yaani njia ya kurudi kwenye hasi ya betri, kupitia ndani ya mota; viguso vikishaungana, umeme huwa sawa pande zake zote mbili, nayo hulala, ikamwachia mwenzake kazi ya kushikilia. Mpangilio huu ni wa akili sana. Nimeuchora ubaoni mara nyingi na bado hunifurahisha.

Viguso huunguzwa. Kila vinapogusana na kuachana hutoa cheche, na kila cheche huondoka na chembe ya shaba. Baada ya miaka, na magari yetu mengi huja hapa yakiwa tayari na miaka mingi ya barabara za Japani, viguso huwa vimelika, vina mashimo na weusi. Asubuhi bado vinaungana. Swali ni kwa nini mchana vinakataa.

Jibu la kwanza liko kwenye mahali stata ilipo. Katika magari mengi imebanwa karibu na injini na bomba la moshi. Gari likiwa linatembea, upepo unapita, maji yanazunguka, feni inafanya kazi. Ukizima, vyote hivyo vinakoma kwa pamoja, lakini chuma bado kina joto, na joto hilo halina pa kwenda isipokuwa kusambaa kwenye vilivyo jirani. Kwa hiyo stata hupata joto kubwa zaidi baada ya gari kuzimwa kuliko lilipokuwa barabarani, na hali hiyo huendelea kupanda kwa robo saa hivi, hata nusu saa. Naliita joto linalotuama, kama maji yanavyotuama bondeni mvua ikishaacha. Hii ndiyo sababu gari halikusumbui ukizima na kuwasha papo hapo, halikusumbui ukirudi baada ya saa tatu, ila linakusumbua ukirudi umeshiba chai na maandazi.

Jibu la pili liko kwenye shaba yenyewe. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja. Koili iliyotoka nyuzi 20 za alfajiri ikafika nyuzi 100 ina ukinzani zaidi ya ule wa kwanza kwa karibu asilimia 31. Kwa kanuni aliyoichapisha Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Ujerumani, mwaka 1827, mkondo unashuka hadi kiasi cha asilimia 76 ya ule wa asubuhi. Na hapa ndipo wanafunzi wangu huinua vichwa: nguvu ya sumaku ya kuvuta chuma haifuati mkondo, inafuata mraba wa mkondo. Zidisha 0.76 kwa 0.76 upate 0.58. Mchi unaovutwa mchana una zaidi kidogo tu ya nusu ya nguvu za alfajiri. Hakuna kilichoharibika, waya haujakatika, hakuna fyuzi iliyoungua. Ni shaba imefanya kama shaba inavyofanya.

Viguso vipya havijali. Mchi dhaifu utafika na kuvigusa vizuri. Viguso vilivyolika vinahitaji kubanwa kwa nguvu ili vigusane, na nguvu hiyo mchana haipo. Mchi unakwenda, unalia "ta!", kisahani kinagusa weusi badala ya shaba, na mkondo haupiti. Mwenye gari anazungusha ufunguo tena, na tena, na tena. Koili ya kuvuta, ambayo ilitarajia kulala baada ya chembe ya sekunde, sasa inapitisha mkondo wake wote kila mara, inajipasha yenyewe, na kila jaribio linalifanya linalofuata kuwa gumu zaidi.

Nina mfano wa kweli. Mzee mmoja jirani yangu alinichukua kwenye gari lake dogo kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Tulisimama Chalinze, zaidi ya kilomita 100 za jua kali, tukanywa chai. Tuliporudi: ta! Kisha kimya.

"Mwalimu, betri hii ina mwezi mmoja," akasema kwa masikitiko. "Na alteneta wamenibadilishia kabla ya betri."

Kijana mmoja dereva wa lori akaja na spana ya magurudumu. "Shikamoo wazee. Fungueni boneti niigonge stata, itawaka sasa hivi."

"Marahaba. Itawaka kweli," nikamwambia, "lakini nipe dakika tano kabla hujagonga."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa asubiri asile. Lakini gari lile lilikuwa na ugonjwa wake wakati ule, palepale, na pigo moja la spana lingeufukuza hadi safari nyingine. Nikatoa mita kwenye mkoba. Betri ilisoma volti 12.5. Nikamwomba mzee aweke gia kwenye P, akanyage breki, ashikilie ufunguo sekunde mbili tu. Betri ikashuka hadi 12.2; kwa hiyo betri haikuwa inalemewa. Nikapima nati kubwa ya stata inayopokea waya wa betri: 12.1. Nikapima waya mdogo wa amri kutoka kwenye ufunguo: 11.3, amri imefika ikiwa na nguvu. Nikapima nati ya pili, ile inayoingia kwenye mota: nusu volti. Huku volti 12, kule nusu, na kati yake kuna viguso peke yake.

Ile nusu volti usiipuuze, maana ni saini ya saketi nzima. Ni mkondo wa koili ya kuvuta unaopita ndani ya mota ukitafuta ethi. Uwepo wake uliniambia kaboni za mota, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, bado zinagusa na njia ya kwenda ethi iko wazi. Kwa vipimo vinne nilikuwa nimeitoa hatiani betri, waya mkubwa, swichi ya ufunguo, swichi ya gia na mota. Nikampa kijana ruhusa yake. Akagonga mara moja, kisahani kikajigeuza kidogo kikapata mahali pazuri pa kugusa, gari likawaka, na sifa zote akazichukua yeye. Tulipofika Morogoro fundi alifungua solenoidi akabadilisha viguso viwili na mchi wenye kisahani chake. Betri ya mwezi mmoja na alteneta, nadhani, bado zinafanya kazi.

Kuna kosa moja ambalo kijana yule hakulifanya lakini wanafunzi wangu hulifanya karibu wote: kupima waya ukiwa hauna kazi. Fikiria tangi la maji juu ya nyumba. Bomba limeziba kwa kutu hadi limebaki tundu la sindano. Ukifunga koki zote, msukumo wa maji kwenye koki ya jikoni ni uleule kamili, kana kwamba bomba ni zima. Fungua koki, na maji yanadondoka kama machozi. Waya wa betri uliokatika nyuzi zote ukabakiwa na uzi mmoja utakuonyesha volti 12.5 mchana kutwa, ili mradi hakuna anayeuomba mkondo. Ukiweka mita kwenye ukinzani nayo itakudanganya, kwa sababu ukinzani unaoua stata ni mdogo kuliko ule wa nyaya za mita yenyewe. Chukua kiungo chenye omu 0.02 tu. Ampia 150 zikipita hapo, zinapoteza volti 3, na wati 450 zinageuka joto kwenye nati moja, karibu nusu ya pasi ya umeme.

Kwa hiyo katika kitabu hiki tutapima upotevu wa volti, na tutaupima stata ikiwa inaombwa kazi. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye nati kubwa ya stata, ufunguo ukishikiliwa: ikisoma zaidi ya nusu volti, waya huo au viungo vyake vina la kujibu. Kisha hasi ya betri na mwili wa stata wenyewe. Hapo nataka volti 0.3 au chini yake. Upande wa ethi husahauliwa mno, kana kwamba umeme ukishafanya kazi hauna haja ya kurudi nyumbani. Gari moja nililoletewa darasani lilikuwa limepakwa rangi upya, hata chumba cha injini, na waya wa ethi ukafungwa juu ya rangi mbichi. Asubuhi liliwaka kwa uvivu, mchana halikuwaka. Kiungo kile hakikuwa peke yake: temino ilikuwa na ukungu, viguso vimelika nusu, betri ina umri. Kila kimoja kingesamehewa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilijaa saa saba mchana. Swali lililotufikisha pale halikuhitaji mita: "Gari lilifanyiwa nini mara ya mwisho kabla ya kuanza kuumwa?"

Amri ya ufunguo nayo inaweza kufika ikiwa imechoka njiani. Mfano maarufu duniani ni Volkswagen za zamani, Kobe na Kombi, zenye injini nyuma: waya wa amri ulisafiri kutoka betri hadi ufunguo mbele, kisha ukarudi nyuma kabisa hadi kwenye stata, iliyokaa karibu na mabomba ya moshi. Waya mrefu, swichi iliyozeeka, koili yenye joto, na gari likakataa. Dawa iliyoenea kwa wamiliki wake ni kuweka relei karibu na stata, ili ufunguo uiamuru relei kwa mkondo mdogo, na solenoidi ipate umeme wake kwa njia fupi. Ukipima waya mdogo wakati wa mlio ukakuta volti 8 badala ya 11, usiifungue stata; fuata waya kurudi nyuma.

Utagundua sijailaumu betri sana. Ni kwa makusudi. Vitabu vingi vya somo hili vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambako gari hukataa alfajiri ya theluji na betri ndiyo mkosaji wa kila mwaka. Kwenye ubavu wa betri nyingi zinazouzwa Tanga au Mombasa kuna namba ya ampia za kuwashia kwenye baridi, na namba hiyo hupimwa betri ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Tunanunua ahadi ya jinsi gari letu litakavyowaka kwenye barafu! Ukweli ni kwamba betri yenye joto hutoa mkondo kwa wepesi zaidi kuliko ya baridi. Joto huifupishia maisha, hilo halina ubishi, na betri zetu hufa mapema kwa sababu hiyo. Lakini betri inayowasha gari vizuri saa kumi na mbili asubuhi na kushindwa saa nane mchana haifanani na betri mbovu. Inafanana na kitu kingine kinachochukia joto, nacho mara nyingi ni koili, kiungo, kiguso, au sumaku. Stata nyingi za kisasa hutumia sumaku za kudumu za feraiti, na hizo nazo hupungukiwa nguvu kama asilimia 0.2 kwa kila nyuzijoto zinavyopanda. Sumaku ikipoa nguvu hurudi, na ushahidi hupotea nao.

Basi kwa nini fundi anabadilisha betri? Kwa sababu betri iko juu na stata iko chini. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana nilianza kwenye gereji bubu, chini ya mwembe, na nilibadilisha betri za watu kwa sababu hiyohiyo. Sitaki msomaji adhani naidharau elimu ya pale. Kugonga stata ni ujuzi: ikiamka kwa pigo, ama kaboni zimeisha na pigo limezisogeza, ama viguso vimepata mahali pa kushika, na vyote viwili vinasema "fungua stata." Kumwagia stata maji ili ipoe, hapana, chuma chenye joto kali kikipata maji ya ghafla huweza kupasuka, na maji huingia pasipotakiwa. Wenzetu wa Kenya huwaita mafundi wa mitaani jua kali, na kwa hitilafu hii jina hilo ni sifa halisi: fundi anayefanya kazi juani ana maabara ambayo chuo chenye kiyoyozi hakina. Mimi mwenyewe hulipeleka gari la mazoezi likimbizwe nusu saa, kisha naliegesha boneti ikiwa imefungwa, na darasa zima tunasimama kulisubiri likatae.

Sura zinazofuata hazifuati mpangilio wa vitabu vingi. Betri na viungo vyake vinatangulia, kisha upotevu wa volti, ambao umepewa kurasa nyingi kuliko kitu kingine chochote na sitaomba radhi kwa hilo. Stata inakuja ya tatu, alteneta ya nne. Sensa na kompyuta za gari zimekaa mwisho, kwa sababu mwanafunzi aliyezoea mashine ya kusoma kodi za hitilafu kabla ya kuzoea mita huamini kila anachoandikiwa kwenye kioo, na saketi ya stata katika magari mengi haiandiki kodi yoyote. Inalia "ta!" tu.

 Kwa mazoezi ya kwanza, andaa mita yenye nyaya ndefu, kitambaa kikavu, na mtu wa kukushikia ufunguo anayejua kuachia ukimwambia achia. Gari liwe limezimwa robo saa, si zaidi ya nusu. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, na bomba la moshi lihesabu kuwa la moto hata kama halionekani hivyo. Ukifungua betri, anza na hasi: spana ikigusa bodi hapo hakitokei kitu, ilhali ukianza na chanya spana hiyohiyo itageuka kuwa saketi yenye mamia ya ampia. Na pete ya ndoa iache nyumbani. Mwenzangu mmoja alama ya yake anayo mpaka leo, imezunguka kidole chote, na ilichukua chini ya sekunde moja kuchorwa.